Kwa Wifi Limi, Kuhusu Shavu Langu Lililovimba

Kalangalala,
Geita.
15 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Limi,

Shikamoo. Habari za huko Mtwara? Natumaini mko wazima wote, na kwamba shemeji Donatus mgongo umempa nafuu. Luka naye anaendeleaje na masomo? Mwambie sijamsahau, ni shughuli tu.

Mimi na Noela hatujambo. Mtoto anarefuka mpaka naogopa. Sketi ya shule niliyomshonea Januari nimeshaifungua pindo, na sasa hakuna tena pindo la kufungua. Akicheka anatoa sauti ya kaka yako kabisa. Wateja wapo, cherehani haikai kimya, namshukuru Mungu.

Wifi, nimekupigia simu hupokei. Ujumbe nauona umesomwa, jibu halirudi. Sikulaumu. Nimeona niandike, maana barua huwezi kuikata katikati.

Najua ulichoambiwa. Kwamba nilifika Ngokolo kwa mama yako, kwenye misa ya kumkumbuka kaka yako Fredy, nimechelewa, shavu limevimba, na kwamba kuna mwanaume hapa Geita ananipiga na mimi namficha. Kuchelewa ni kweli. Shavu ni kweli. Mwanaume hayupo. Naomba unisikilize tangu mwanzo.

Mwaka jana mwishoni alikuja dukani mwalimu mmoja anaitwa Adam, anafundisha judo kwenye ukumbi wa shule hapa jirani. Judo ni ule mchezo wa kukamatana nguo na kuangushana. Aliniletea majaketi ya wanafunzi wake, yote yamechanika sehemu moja, hapa kwenye kola. Nikayashona. Baada ya muda yakarudi yamechanika palepale. Nilikasirika, unajua ninavyochukia kazi yangu kurudishwa. Nikamuuliza, "Mnazifanya nini nguo hizi?" Akasema, "Mama Noela, njoo uone mwenyewe."

Nikaenda kuangalia kola. Nikakuta watu wazima, wengine wa umri wangu, wanaangushana kwenye magodoro na kuinuka wakicheka. Kuna mama mmoja wa Tarime, Bhoke, anauza dagaa sokoni, mnene kuliko mimi mara mbili. Alianguka kishindo mpaka madirisha yakatikisika, akainuka, akafunga mkanda wake vizuri, akasema, "Tena." Nilisimama pale mlangoni mpaka wakamaliza. Jumatano iliyofuata nilikuwa ndani, nimevaa suruali niliyojishonea mwenyewe.

Usinicheke, wifi. Nina miaka thelathini na tisa, magoti yanalia nikichuchumaa. Jambo la kwanza wanalokufundisha siyo kupigana, ni kuanguka. Kidevu unakileta kifuani, mgongo unaukunja, mkono unapiga godoro kwa nguvu. Nilifanya hivyo majuma mengi. Nilikuwa natoka pale viungo vyote vinauma, na nalala usingizi ambao sijaupata tangu walipokuja kuniambia shimo la dhahabu limetitia na Fredy yuko ndani.

Sasa nifike kwenye kile kinachonisumbua. Siku moja Bhoke alijaribu kuniangusha, akajikwaa kwenye suruali yake, tukaenda chini wote wawili, yeye juu yangu kama gunia la mpunga. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, machozi yananitoka. Halafu nikiwa njiani kurudi nyumbani nikakumbuka kwamba sijacheka namna ile tangu tumzike kaka yako. Nikajiona mkosaji. Yeye yuko chini ya udongo, mimi nagaagaa kwenye magodoro na kucheka. Nilipofika nyumbani nilishindwa hata kuitazama picha yake.

Lakini Jumatano ilipofika nilienda tena. Ndiyo maana sikuwaambia, wewe wala Mama. Sikuona nitaanzia wapi.

Misa ilipangwa Jumamosi. Mama akaniambia nifike Ijumaa asubuhi tuandae chakula pamoja. Hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mkanda wa njano, ule wa kupanda daraja. Wifi, nilimdanganya. Nilimwambia nina sare za kwaya za kumaliza na mwenye kazi amenishikilia. Alisema tu, "Haya mwanangu, fanya kazi." Angegomba ningepata nafuu.

Mtihani nilifanya. Katikati yake kiwiko cha Bhoke kikanipiga shavuni, bahati mbaya kabisa, akaomba radhi karibu alie. Mkanda nikapewa. Usiku shavu likavimba. Nikapanda basi la alfajiri, likakaa sana Kahama likisubiri abiria. Nilipoingia kanisani jina la Fredy lilikuwa limeshatajwa. Nilisimama nyuma karibu na mlango, nimejifunika khanga, na kila aliyegeuka aliniona.

Baada ya misa shangazi Philomena aliniuliza shavu lina nini. Nikasema nimejigonga kwenye mlango. Nilijua hakuamini, na naona ndiye aliyekupigia. Simlaumu, hata mimi nisingeamini.

Mama alingoja mpaka watu walipokula. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba ambako akina mama walikuwa wanaosha masufuria.

"Mayu," akasema, kwa Kisukuma kama anavyonibembeleza, "niambie mimi. Nani anakupiga?"

"Hakuna, Mama."

"Kama umepata mtu, hilo siligombi. Wewe bado kijana. Lakini wa kukupiga, hapana. Fredy hakuwahi kukuinulia mkono. Nitakuja huko Geita mimi mwenyewe nimwone huyo mtu."

Wifi, nilijiandaa kutukanwa, sikujiandaa kwa hilo. Nililia pale mbele ya masufuria. Nikamwambia yote: judo ya kila Jumatano, Bhoke, mtihani, na kwamba sare za kwaya zilikuwa za uongo.

Kisha akauliza, "Yaani unaenda kuangushwa, kwa hiari yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Hebu nione."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikajifunga kitenge vizuri, nikaleta kidevu kifuani, nikajiachia chali kwenye mchanga, mkono ukapiga chini paa! Shangazi Philomena akapiga kelele, "Yesu na Maria!" na sufuria ikamtoka mikononi ikabingirika mpaka kwenye banda la kuku. Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu ghafla akajifunika mdomo kwa khanga, akasema kwa sauti ya chini, "Nimecheka siku ya mwanangu."

Nikainuka, nikasimama naye. Nilikuwa na mchanga kichwani, akawa anautoa kidogokidogo kwa vidole.

Lakini usidhani mambo yaliishia vizuri. Jioni, wageni walipoondoka, aliniambia, "Kuanguka kwako sina neno nako. Ila Ijumaa nilikungoja. Niliwaambia watu, mkamwana wangu yuko njiani, tusichambue mchele bila yeye. Tulingoja mpaka jua likapanda, tukaanza bila wewe. Hilo bado linaniuma, sitakuficha."

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Niliporudi Geita nilikunja suruali na mkanda nikaviweka chini ya sanduku la vitambaa. Niliona hiyo ndiyo adhabu yangu. Jumatano ya kwanza sikwenda. Bhoke akaja dukani na dagaa kwenye kifuko, akadhani namkasirikia kwa ajili ya shavu. Nikamwambia ni kazi nyingi. Uongo mwingine, unaona.

Jumatano iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye cherehani jioni, simu ikalia. Ni Mama. Tukasalimiana, akauliza habari za Noela, za biashara, za mvua ambazo hazipo. Kisha akauliza, "Leo siyo Jumatano?"

"Ni Jumatano, Mama."

"Sasa mbona umepokea simu?"

Akasema, "Usiku ule wa misa ulilala hapa kwangu, ukakoroma. Kwa miaka miwili kila ukija huwa nakusikia unageuka kitandani mpaka kunakucha. Nenda huko. Tena usinitumie mimi wala Fredy kuwa kisingizio." Akakata.

Nikaenda. Nilichelewa, mwalimu Adam alinionyesha tu mahali pa kusimama. Niliangushwa jioni nzima, na sikucheka hata kidogo. Lakini nililala.

Wifi, siandiki ili uniambie sina kosa. Ninalo. Niliuchagua mkanda nikachelewa misa ya mume wangu, nikamdanganya mama mliyenipa kuwa mama yangu. Nikiwa nashona huwa nakumbuka wale watu wamekaa na nyungo mapajani wakiningoja, na mkono wangu unasimama. Ukinikasirikia kwa hilo ni haki yako, nami nitaipokea hasira yako. Ila usinikasirikie kwa mtu ambaye hayupo. Na zaidi ya yote usininyamazie. Kaka yako alikuwa na dada mmoja tu, na kwa miaka yote hii nimemwona kuwa ni wangu pia. Nigombeze, nitukane ukipenda, lakini nisikie sauti yako.

Nisalimie sana shemeji Donatus na Luka. Noela anakuamkia, anauliza shangazi atakuja lini. Mama wa Ngokolo anakusalimia na anasema umpigie. Bhoke hakujui, lakini nimemsimulia habari zako mpaka naye anakutumia salamu.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya, na ailaze roho ya Fredy wetu pahali pema.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,

Wifi yako,
Mariana (Mama Noela)