Jipu la Mama Mkwe

Saidi, rafiki yako Lukumani, karani huyuhuyu anayekuandikia, ameadhirika Gongoni nzima!

Asubuhi kaja zahanati mama mkwe wake. Ziwa limevimba, limetunga usaha, homa kali, na kitindamimba wake analia njaa. Daktari Mzungu anataka karani aandike kila ugonjwa kwa namba yake. Sasa mkwe gani ataandika ziwa la mama mkwe wake? Lukumani akaona haya, akaandika namba ya jipu la goti.

La goti, Saidi!

Dresa, mfunga vidonda, akaisoma, akaja na bendeji: "Mama, nyoosha mguu, nilifunge goti."

Mama akautazama mguu, akamtazama Lukumani aliyejibanza nyuma ya kabati. Akapaza sauti, foleni nzima ikasikia:

"Mwambieni mkwe wangu, mtoto hanyonyi goti!"