Mitupo Miwili ya Namsifu

Jumapili, alasiri. Same.

Joto ni lile lile na upepo unarusha vumbi la uwanjani hadi kwenye vitanda vyetu bwenini. Huku mjini hata tone la mvua halijadondoka. Sketi yangu ya mchezo nimeifua mara mbili leo na bado inatoa maji mekundu. Udongo wa mlimani haukubali kuachia.

Tangu jana sisi ni mabingwa. Hakuna aliyeimba kwenye lori.

Naandika kwa sababu sijui nimwambie nani. Wenzangu wamelala mchana kutwa, au wanajifanya wamelala. Namsifu, nahodha wetu, amekwenda kanisani, amerudi, amepiga pasi sare yake ya kesho, kisha akaniuliza kama nimekula. Hana kinyongo hata kidogo. Afadhali angeninunia.

Ligi yetu ni ndogo. Ni vyuo vinne vya ualimu, timu za wasichana tu, na kila chuo kina mpira mmoja wa ngozi ambao ukipasuka msimu umekwisha. Wapo wanaotucheka. Wanasema wasichana wana netiboli yao, huu mpira wa kikapu wa kudundadunda ni wa nini. Kombe lenyewe ni la bati lililopakwa rangi ya fedha, limebonyea ubavuni. Lakini msimu mzima tumelilia hilo hilo bati. Tumecheza juani mpaka nyayo zikatoka malengelenge, tumesukuma lori lililokwama mchangani, tumefungwa na kuwafunga wengine, mpaka tukabaki wawili: sisi wa bondeni, na wale wa chuo cha juu, upande wa Myamba.

Kwangu mimi kombe lilikuwa raha. Kwa Namsifu lilikuwa zaidi ya hapo. Timu hii ni yake. Yeye ndiye aliyemwomba fundi atukunjie chuma cha kikapu, yeye ndiye aliyenifundisha kudunda mpira bila kuutazama. Mwaka jana tulifungwa fainali huko huko juu, akalia njia nzima mpaka tulipofika Kisiwani, kijiji cha chini ya mlima. Na mwaka huu anamaliza. Atapangiwa kijiji kipya ambacho hata kuta za shule hazijasimama, sembuse uwanja wa mpira wa kikapu. Jana ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na kila mtu kwenye lori alilijua hilo.

Ana udhaifu mmoja tu. Akichezewa rafu akapewa mitupo miwili, wa kwanza anautia hata akifumba macho. Wa pili unagonga chuma na kurudi. Amejaribu kubadilisha mguu, amejaribu kusali, amejaribu kupiga mluzi. Wapi. Tumemtania mpaka tumechoka.

Sasa jana.

Mlimani kulikuwa kumenyesha wiki nzima. Uwanja wao umechongwa kwenye ubavu wa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde, na mpira ukitoka upande wa bondeni tunamsubiri mtoto aufuate na kurudi nao. Watazamaji walikuwa wengi: wanachuo, kina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye makoti. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kilemba cha kijani aliyemtukana refa tangu mwanzo bila kupumzika. Mchezo ulikuwa mkali. Nakundwa, yule mrefu wao, alinipiga kiwiko nikaona nyota, nami refa alipogeuka nikalipiza.

Zilibaki sekunde za mwisho kabisa, wao wakiwa mbele kwa pointi moja, Namsifu akapenya katikati na Nakundwa akamwangusha. Refa akapuliza. Mitupo miwili. Akitia mmoja, tumesawazisha. Akitia yote, kombe letu.

Namsifu akasimama mstarini. Akafuta mikono kwenye sketi. Akainua mpira.

Ndipo pembe ikalia.

Lazima nieleze nilivyofikiri wakati ule, maana ndipo nilipopotea. Walipokuja kwetu Same katikati ya msimu, vijana wetu walisimama nyuma ya kikapu na madebe, na kila Nakundwa alipotaka kutupa waliyapiga mpaka akakosa mitupo yote. Tulicheka sana siku ile. Kwa hiyo pembe iliposikika jana, mimi nikajua wametulipa. Nikapiga kelele, “Tupa, Namsifu, wanakutisha tu hao.”

Namsifu akashusha mpira. Pembe ikalia tena, ndefu, kutoka juu ya uwanja kwenye migomba. Akauweka mpira chini pale pale mstarini, taratibu, kama mtu anayetua mtungi. Akaondoka mbio.

Sikuamini macho yangu. Mpaka sasa siamini.

Nilipogeuka, Nakundwa na wenzake walikwisha kutoka. Watazamaji wote walikuwa wanapanda mlima, kina mama wakiwafunga watoto vizuri huku wanakimbia, na yule bibi wa kilemba cha kijani yumo. Mwalimu wao aliyeshika saa ya mchezo aliiacha kitini na kwenda zake. Hata wasichana wetu wawili wa akiba, wenyeji wa Upareni, hatukuwaona tena. Uwanjani tulibaki wachezaji wanne, mmoja wa Tanga, mmoja wa Singida, mmoja wa Mwanza na mimi, pamoja na kocha wetu Mwalimu Chacha na refa, ambaye alitoka chuo kingine cha bondeni. Tukatazamana.

Mimi nimezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge. Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na utoto wangu wote niliitwa na kengele ya shamba. Kengele ile ilisema amka, nenda, rudi, na kazi ilikuwa ya mwenye shamba. Milima hii nimeiona kutoka chini miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko juu kuna pembe, wala inaita nini.

Refa akapuliza mara ya pili, na ya tatu. Hakurudi mtu. Akasema, “Timu iliyotoka uwanjani imejitoa. Lakini mitupo nimekwisha kuitoa, lazima itupwe, na aliyeondoka atatupiwa na mwenzake.”

Mwalimu Chacha akatutazama mmoja mmoja. “Tabu, nenda.”

Nikaenda. Niliuokota mpira pale alipouacha Namsifu. Nikatupa wa kwanza, ukaingia. Nikatupa wa pili, ukaingia bila hata kugusa chuma.

Tukaruka. Tukakumbatiana sisi wanne, tukapiga vigelegele, na sauti zetu zikagonga mlima zikaturudia. Ndama mmoja aliyefungwa pembeni alituangalia. Nadhani ni ndama yule aliyetunyamazisha. Tulijiona tulivyo, watu wanne wakipiga kelele kwenye uwanja mtupu.

Tulipanda kumfuata Namsifu. Mimi nilikuwa mbele, na nakiri kwamba nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Njia ilikuwa inateleza, tukawa tunashika nyasi, na kadiri tulivyopanda ndivyo tulivyosikia watu wakiimba.

Juu kuna ndiva, ndivyo wanavyoliita bwawa la udongo wanalotunzia maji ya kumwagilia mashamba. Nilikuwa sijawahi kuliona. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni kwa ile mvua ya wiki nzima, na ukuta wake, upande unaotazama kijiji, ulikuwa umeanza kuvimba na kuvuja maji ya tope. Nikageuka kutazama chini. Chini kabisa ya ukuta kulikuwa na nyumba, moshi unatoka jikoni. Chini ya nyumba mashamba ya maharage. Chini ya maharage shule ya msingi. Na chini ya shule, uwanja wetu, na vile vikapu viwili.

Ndiko tulikokuwa tunarukaruka.

Watu walikuwa wamepanga mstari kutoka ubavu wa mlima mpaka ukutani, wakipokezana mabonge ya udongo yenye nyasi zake, mawe na vigogo vya migomba. Wanaume walikuwa ndani ya maji wakihangaika na mfereji wa kutolea maji uliokuwa umeziba. Mzee mwenye pembe shingoni aliwaelekeza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesimamia palizi. Namsifu alikuwa kwenye mstari, tope mpaka mapajani, bega kwa bega na Nakundwa aliyemwangusha muda mfupi uliopita. Na Namsifu si wa kijiji kile. Kwao ni Ugweno, kaskazini kabisa mwa Upareni, hata lugha ya nyumbani kwao ni nyingine.

Hakuna aliyetuuliza tunatafuta nini. Yule bibi wa kilemba cha kijani alisogea kidogo, pakawa na nafasi mbele yangu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, pokea,” akasema, na bonge la udongo likawa mikononi mwangu.

Maneno yangu yote niliyompangia Namsifu yakapotea. Nilipokea, nikapitisha, nikapokea. Mabonge yalikuwa mazito na baridi, na mikono iliyozoea mpira ilijua la kufanya. Mbele yangu alikuja kuwa Nakundwa, sijui mstari ulibadilikaje.

“Nani kashinda?” akaniuliza bila kuacha kazi.

“Sisi.”

“Mitupo katupa nani, na Namsifu yuko huku?”

“Mimi.”

“Yote miwili?”

“Yote.”

Akacheka, meno meupe kwenye uso wa tope. “Hongereni,” akasema, na kunyoosha mikono apokee bonge nililokuwa nimelishika kama sanamu.

Nilimtazama sana nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alishapoteza kombe, alishajua, na alikuwa anasubiri bonge la udongo.

Ukuta ulishika. Kabla jua halijazama mfereji ulizibuka, maji yakaanza kushuka yanakotakiwa, na wale wanaume wakatoka wakitetemeka, watu wakawavika makoti. Tulilishwa makande shuleni. Mwenyekiti wa kijiji akatukabidhi kombe kwa mikono ambayo bado ilikuwa na tope kwenye kucha, akasema hongereni kwa ushindi na asanteni kwa kazi, wanangu. Wakatupigia makofi. Wale tuliowafunga ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisiwani kwetu mama alikuwa amesimama kando ya barabara na taa mkononi, maana asubuhi nilimwahidi kumwonyesha kombe. Nikalinyanyua. Akapiga vigelegele peke yake, na lori likapita.

Nilikuwa nimekaa karibu na Namsifu. Nikamuuliza kwa nini aliondoka, na pale si kwao.

“Ndiva ni ndiva, Tabu,” akasema, akishangaa kwamba nauliza. Halafu akaniinamia asisikike na wengine. “Ule wa pili uliutiaje?”

Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua kweli. Nikamwonyesha kiganja kinavyolala, naye akajaribu hewani, mara mbili, tatu, huku lori linaturusha.

Sijawahi kupigwa na butwaa namna hii. Kila asubuhi gwarideni tunaimba nyimbo za ujamaa, na mimi ndiye ninayeanzisha kwa sababu nina sauti. Somo la siasa nimepata alama za juu kuliko wote darasani. Nimeandika insha ndefu, mwalimu akaisoma mbele ya wenzangu. Jana ujamaa wenyewe ulinipita mbio ukipanda mlima, na mimi nikaona watu wanakimbia mechi. Nikauokota mpira wao nikajifungia ubingwa. Hakuna aliyenilaumu, na kwa sheria za mchezo sikukosea lolote. Refa alisema nitupe, nikatupa. Basi mbona siwezi kulala?

Kombe liko chini ya kitanda changu, nimelifunga kwenye khanga. Kesho gwarideni mkuu wa chuo ataita timu mbele, na Namsifu ameshaniambia nitangulie mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyefunga.

Sitatangulia. Nimeamua hivi sasa ninapoandika. Kesho alfajiri nitakwenda kwa Mwalimu Chacha na hili kombe, nimwombe turudi juu Jumamosi tumalizie mchezo pale ulipokatikia. Wao mbele kwa pointi moja, Nakundwa pembeni, Namsifu mstarini na mitupo yake miwili. Mwalimu atapandisha mori. Wenzangu watatu hawatanisemesha mpaka mtihani wa mwisho. Namsifu mwenyewe sijamuuliza, na naogopa kumuuliza.

Kwa sababu wa kwanza atautia, hilo halina shaka. Ila wa pili huwa anakosa.