Uchafu Kati ya Kokoto

Kiamunyi, 4 Februari 2025

Shosho mpendwa,

Habari ya huko Dundori? Miguu bado inakusumbua na hiyo baridi? Mimi ni mzima. Nakuandikia karatasi kwa sababu mume wangu Kamande husoma kila kitu kwa simu yangu. Jirani yako Rahab akija huku kuuza viazi nitampa. Yeye atakusomea na kukuandikia jibu.

Alileta tangi la kioo, dogo tu la mezani, lina samaki wanane wekundu. Jumatatu anaenda kazi Olkaria, Ijumaa anarudi, na kabla hajavua viatu anapitisha kidole kwa kioo. Mavi ya samaki hukaa kati ya kokoto. Huwa nayavuta na mpira wa maji, naanza kwa mdomo mpaka maji yashuke kwa ndoo, lakini hayaishi. Ijumaa iliyopita aliyaona. Alinishika nywele akanitumbukiza uso ndani ya tangi mpaka nikameza.

Niambie vile naweza kuosha kusibaki kitu. Na usimwambie Baba.

Mjukuu wako,
Mugure

Dundori, 10 Februari 2025

Mugure wangu,

Miguu iko. Wacha miguu. Rahab amenisomea, nikamwambia arudie pale pa nywele.

Mimi sikuingia darasa hata siku moja, lakini mjinga namjua hata kwa kusomewa. Wewe ulipewa jina langu, na kwetu hiyo si mchezo: akikupiga wewe amenipiga mimi. Rudi nyumbani. Kitanda kipo.

Kama hurudi, sikiza. Hiyo kitu ioshe vile mimi huosha mahali ng'ombe wanakunywa. Samaki weka kwa karai. Mwaga maji yote. Kokoto sugua na jivu na sabuni ya unga mpaka zilie. Jaza maji mapya ya mfereji. Hayo mavi yatajificha wapi?

Na ukule. Rahab anasema umekonda.

Shosho wako

Kiamunyi, 25 Februari 2025

Shosho mpendwa,

Natumai u mzima, na Rahab pia. Rahab asishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Niliosha vile ulisema. Kioo kiling'aa ukadhani hakuna kitu hapo. Kufika Alhamisi samaki wote walikuwa wanaelea. Nilikimbia kwa yule anayewauza. Akashika kichwa: "Madam, umewaua wewe! Huo utelezi wa kokoto ndio hula sumu ya mavi. Unavuta uchafu peke yake, unatoa maji robo, unaongeza maji yaliyolala kwa ndoo wazi ndiyo dawa wanayotia maji ya mfereji itoke. Sasa sabuni? Ai!"

Ijumaa Kamande aliwapanga mezani. Alinichapa na ule mpira, pigo moja kwa kila samaki, akinihesabisha. Nikikosea anaanza upya. Niliinua mkono kujikinga, akaukunja nyuma mpaka tukausikia wote wawili. Hospitalini nilisema nilianguka kwa ngazi.

Siwezi kurudi. Harusi haijamaliza mwaka, watu wa kanisa watasema nini? Anasema ataleta wengine Ijumaa ya tarehe saba. Sasa najua kuosha. Usijilaumu.

Mjukuu wako,
Mugure

Dundori, 3 Machi 2025

Mugure,

Leo sisalimii mtu. Samaki niliwaua mimi, kichapo kikakuangukia wewe.

Ijumaa asubuhi nakuja na pikapu ya Rahab. Shika kitambulisho na nguo za kubadilisha. Usifue hata soksi yake. Wewe utarudi na Rahab, mimi nitabaki. Usiniulize nabaki kufanya nini.

Shosho wako

Kituo cha polisi, 9 Machi 2025

Mugure wangu,

Umelala aje? Mkono je? Mimi niko sawa, seli ina baridi ya Dundori tu. Anayeandika ni Jemutai, askari wa hapa. Anasema nisiseme mambo ya kunifunga. Nimemwambia andika.

Kamande aliingia na mtungi wa samaki, akanikuta kwa kochi lake. "Shosho, Mugure ako wapi?"

"Mugure ndiye huyu. Mwingine hayuko. Ukitaka kupiga, piga."

Akacheka. "Toka kwangu, mzee, kabla nikutupe kama mbwa." Akanivuta na kitambaa cha kichwa mpaka sakafuni. Jino limetoka. Hata hivyo lilikuwa linataka kwenda.

Sasa mti wa jembe nilikuwa nimeuficha chini ya kochi. Nilimpiga goti. Akainama, nikampiga mkono. Akaangukia tangi, kioo kikamfungua uso toka sikio hadi kidevu. Maji na damu mpaka mlangoni. Majirani walinikuta bado napiga. Nilikuwa nimechoka, lakini sikuwa nimemaliza.

Yuko hai. Anasema mimi ni mwendawazimu, kwamba hajawahi kukugusa. Nasikia unataka kumpelekea uji hospitali. Peleka, moyo ni wako. Lakini kesho nasimama mbele ya hakimu, na Jemutai anasema aliyebaki kusema ni wewe. Sikulazimishi.

Shosho wako

Nakuru, 10 Machi 2025

Shosho mpendwa,

Umeamkaje? Fizi inauma? Jemutai atakusomea hii kabla hamjaenda kortini.

Nilimpelekea uji, ni kweli. Mdomo wake unafunguka kidogo tu. Neno la kwanza aliloniambia: "Waambie ulianguka." Nikaiweka chupa chini, nikatembea kwa miguu mpaka kituoni.

Nimeandikisha taarifa. Uso ndani ya maji, mpira, mkono. Nikatia sahihi kwa kushoto. Sijui watakufanyia nini, Shosho. Jemutai anasema ule mti hawatausahau.

Nilikuwa nimefika mlangoni Jemutai akaniita. "Kuna kingine? Cha kabla ya hao samaki?"

Nikarudi, nikakaa.

Mjukuu wako,
Mugure