Faili ya Kwanza Kufunguliwa

Gatitu, Nyeri
Machi 9

Kwako dada Watiri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kutus, na kwamba kikohozi cha mtoto kimepungua. Sisi tuko. Mama anakula kidogo. Mimi nakula chochote kinachowekwa mbele yangu. Baba ana wiki tatu kaburini na bado sijalia. Watu huniangalia wakingoja nianze.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hazikufikii tena. Sikulaumu. Mama Kingori, anayeshuka huko kununua nyanya, amekubali kuibeba barua.

Sidhani nimewahi kukueleza kazi yangu. Tangu nimalize kidato cha nne niko mjini kwa Mama Ummi, tunachapisha vijitabu vya mazishi. Watu huleta maisha ya marehemu yameandikwa kwa mkono, nami nayapiga kwenye kompyuta. Kisha mashine ya kuchapisha lazima ielezwe faili iko wapi, folda ndani ya folda, mpaka jina lenyewe. Nilikuwa nakosea herufi kila mara, na Mama Ummi alisema kwa mwendo wangu marehemu atafufuka kabla hajachapishwa. Basi nikajifunza kuandika amri fupi ndani ya ile programu ya kuandikia. Nabonyeza vitufe viwili, njia yote ya faili inanakiliwa, naibandika kwenye mashine. Mistari sita tu. Mama Ummi akaniita injinia mbele ya wateja, nikajificha nyuma ya skrini.

Amri yangu ilichukua njia ya faili iliyofunguliwa kwanza. Sikuona ubaya, kwa kuwa sikuzote nilifungua moja.

Za Baba zilikuwa mbili. Ya kwanza alinisomea Baba mdogo Theuri kwa simu, na watoto aliotaja ni sisi watatu wa Mama. Mama alipoisoma aliuliza, Watiri yuko wapi? Baba mdogo akasema mambo ya ujana wa marehemu yasiletwe mbele ya kanisa. Mama akamjibu kwamba mtoto si mambo, kwamba Watiri ndiye mtoto wa kwanza wa mzee huyu, na ataandikwa wa kwanza. Nikaandika faili ya pili. Kesho yake dukani nikazifungua zote mbili kando kwa kando, ya Baba mdogo kwanza, nihakikishe sijaacha kitu. Halafu nikabonyeza vitufe.

Ndiyo maana msimamizi alipoita watoto waweke maua kaburini, akifuata kijitabu, hukuitwa. Nilikuona umesimama karibu na mahindi, maua mkononi. Nilikuona ukiyaweka chini na kuondoka kabla ya chakula.

Sasa ukoo unasema Mama ndiye aliyekutoa kijitabuni. Mama, mpaka jana, alidhani Baba mdogo alinifuata dukani. Baba mdogo anadhani Mama alibadili nia. Hawasalimiani, na hakuna aliyeniuliza mimi, kwa sababu mimi ni yule anayenyamaza.

Ningeishia hapa ungesema ni kompyuta, nami ningekubali. Lakini vijitabu mia tatu havitoki mara moja. Kama cha arobaini hivi nilikichukua kukikunja, nikaona ukurasa wa watoto. Jina lako halikuwepo. Mama Ummi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akinywa chai. Angesimamisha mashine. Lilikuwa neno moja tu. Nikafikiria wateja wakigeuka, mtu akisema, kumbe injinia ni huyu. Nikaendelea kukunja. Nilikunja vyote nikijua.

Jana nilimwambia Mama. Alikuwa akichambua maharagwe, akaendelea mpaka yakaisha. Kisha akasema nikuandikie kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Jumapili ukoo unakutana hapa nyumbani, na nitasimama niwaambie wote, Baba mdogo akiwepo. Sijui sauti itatoka vipi. Sikuombi uje, wala sikuombi unisamehe. Nataka tu ujue kwamba aliyekutoa ni mimi, na kwamba Mama alikuandika wa kwanza.

Mama anakusalimu. Ameniambia nisiongeze lingine. Mbusu mtoto kwa niaba yetu.

Mdogo wako,
Murugi