Vidole vyangu kwenye buibui

Mwanakuu, usinicheke kwanza.

Ndio natoka kwenye lile kongamano la wachoraji wa pasteli. Niko ndani ya tuktuk na dereva ananitazama kwenye kioo. Ana haki.

Wajua zile chaki zinavyotoa vumbi. Tangu asubuhi nachora kichochoro chetu, jua linavyopenya kati ya nyumba. Kila nikitia manjano kwenye karatasi nyeupe, yafifia. Napangusa vidole, naanza tena. Napangusia wapi? Hata sikufikiria.

Mwalimu Kanze akaja nyuma yangu, akasema, "Ummukulthum, hebu simama watu wakuone."

Watu wakuone. Ukumbi mzima, shoga.

Kutazama chini, buibui langu lote hapa pajani ni alama za vidole. Manjano, waridi, buluu. Nilitaka kulia.

Kanze wala hakucheka. Akagusa karatasi yangu, "Hapa unautafuta mwanga tangu asubuhi." Akaonyesha buibui, "Na hapa unawaka wenyewe. Rangi ni zile zile."

Akanipa karatasi nyeusi. Miezi mitatu nahangaika na lile jua, na leo nimelipata kabla chai haijapoa.

Nimefika nyumbani. Mama kaanza na buibui, kanisema mpaka basi. Kisha kaiona picha, kaliacha buibui, kaisogelea.

"Hii ni alasiri," kasema. "Watu ndio wanatoka msikitini."

Mwanakuu, sikuchora mtu hata mmoja.