Bunduki ya Duri

Val Sarena, 7 Juni 1998

Mjukuu wangu Ladina,

Salamu zangu zikufikie huko Basel kwenye vumbi la mbao. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanitabiria mvua kuliko redio. Wewe je, unakula, au bado unaishi kwa mkate na jibini?

Tangu Jumapili kijiji kizima kinakuzungumzia. Umekuja kwenye mashindano ya shabaha ya kijiji mara yako ya kwanza, ukaazima bunduki yangu, ukarudi na beji ya shada, ile ya washindi, kifuani! Jachen muuza nyama alikosa hata hamu ya soseji zake mwenyewe. Nilitembea nyuma yako makusudi, ili watu waone mimi ni babu wa nani.

Sasa nisikilize. Unaujua ubao wa ukutani kwangu, wenye vigingi na majina. Kila mwanajeshi wa hapa aliporudi nyumbani na bunduki yake akaja kufa, na watoto wakataka kuitupa kwenye vyuma chakavu, mimi niliiomba. Nimefanya hivyo miaka arobaini. Kuna ya baba yangu, ya mwalimu Clavuot, ya Peider wa kinu. Yangu iko nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu mtu aliye hai hatundikwi.

Baba yako Reto hazitaki. Anasema nyumba yake si boma la askari. Kuna mfanyabiashara wa Berna atakuja Oktoba kuzinunua zote. Sitaki, lakini sitaki pia nife ziozee hapa. Kama kuna damu yangu inayozitaka, iseme. Naanza na wewe: chukua ya Duri, kaka yangu. Kaa nayo, tuone mtapatanaje.

Wako,
Babu


Basel, 19 Julai 1998

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, na ninakula, usimsikilize Baba.

Nilisafiri na Duri begani kwenye treni, hakuna aliyegeuza shingo, isipokuwa bibi mmoja aliyeniuliza kama kesho kuna shabaha na yeye hajaambiwa!

Sasa nina la kukufurahisha. Ule mti wake ulikuwa na hali mbaya, Babu. Kitako chote kimepondekapondeka, kimejaa makovu na weusi. Mimi ni seremala, ningelala vipi? Nimempiga msasa mkubwa, kisha wa kati, kisha laini. Nimejaza mashimo, nikampaka vanishi tabaka kwa tabaka. Msimamizi wangu alipomwona alipiga mluzi. Nimekuwekea picha. Sema mwenyewe, si kama katoka kiwandani jana?

Niambie basi kama mikono yangu inafaa kushika na zile nyingine.

Mjukuu wako,
Ladina


Val Sarena, 24 Julai 1998

Ladina,

Picha nimeiona.

Duri alilinda mpaka wa nchi kule juu mlimani majira mawili ya baridi wakati wa vita. Theluji ikigandia chini ya buti, askari huigonga kwa kitako cha bunduki mpaka barafu idondoke, la sivyo atateleza afe. Kila kovu uliloliona ni hatua aliyorudi nayo hai. Ule weusi ni jasho la mikono yake. Hakuoa, hakuzaa, hakupenda kupigwa picha. Aliacha ng'ombe mmoja na alama zile. Ng'ombe tulimla.

Yule mfanyabiashara wa Berna anakuja Oktoba.

Babu


Basel, 2 Agosti 1998

Babu,

Shikamoo. Sijui hata kama nina uso wa kukuuliza hali.

Nimelia mpaka msimamizi akanirudisha nyumbani. Jamani, nilidhani ninamheshimu! Mteja akileta kabati bovu tunalitengeneza, hatumuulizi nani alilipiga teke. Lakini wewe hukuniomba nitengeneze kitu. Nisamehe.

Huku karakana tunajua kuzeesha mbao. Kwa nyundo, mnyororo na masizi, naweza kuzirudisha alama zote kwa kufuata picha niliyopiga ya ubao wako wa ukutani. Hakuna atakayejua. Nifanye hivyo?

Nakusubiri,
Ladina


Basel, 11 Oktoba 1998

Babu,

Shikamoo. Ni barua ya pili na hujanijibu. Baba anasema u mzima, ila ukisikia jina langu unaenda kukata kuni. Basi nadhani una kuni za miaka mitatu.

Nyundo nimeiacha. Nilishika mnyororo mkononi nikamfikiria Duri, nikaona haya. Makovu ya uongo ni matusi ya pili.

Nina ombi moja, kisha sitakusumbua. Usiuze kabla ya Januari. Nitapanda mlimani kwenye shabaha ya theluji pamoja na wengine, na nitapanda na bunduki hii hii, ing'avu hivi hivi. Wanicheke. Mimi nazitaka, Babu. Si moja. Zote. Ulisema damu yako iseme, nami ndiyo nimesema.

Ladina


Val Sarena, 20 Januari 1999

Mjukuu wangu Ladina,

Marahaba, na marahaba za miezi yote niliyokunyima. Mimi mzima. Kuni ninazo nyingi, ni kweli, mwanangu ana mdomo.

Unajua siwezi tena kupanda kule. Basi Jumapili nilikaa dirishani tangu asubuhi kama mchumba anayesubiri posa, mpaka Flurin mhesabu alama za shabaha akaja. Nilimwekea supu ya shayiri nikamwambia asile mpaka aseme.

Akasema Jachen alikupokea kwa sauti ya mnada: "Hiyo ni bunduki au mguu wa piano?" Nawe ukamjibu, "Ukishindwa na mguu wa piano utamwambia nini mkeo?" Ladina! Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma. Akasema mlilala kifudifudi kwenye theluji tupu kulenga, upepo ukiwapiga usoni, na ulimshinda Jachen na wengine wengi. Sasa kijijini wanamwita Piano.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Flurin anasema mkiteremka, barafu ilikushika chini ya buti, ukateleza. Ukageuza bunduki ukaigonga kwa kitako, pa! bila kufikiri, kama wote. Kisha ukaona vanishi imepasuka na mti umebonyea. Ukaguta kama aliyekanyagwa. Watu wakasimama. Ukaitazama ile alama kidogo, halafu ukainua buti la pili ukagonga tena.

Flurin alikula supu yake. Mimi nilitoka nje.

Na huyu wa Berna nikueleze. Oktoba alikuja, akakiona kigingi kitupu cha Duri, nikamwambia yaliyotokea. Akasema, "Aa, hiyo basi haina thamani tena." Nikamfokea mpaka mate yakanitoka! Miezi mitatu nilikuwa nikisema maneno hayo hayo moyoni, lakini kuyasikia kwa mgeni nilishindwa. Nikamwambia arudi Januari, baada ya shabaha. Jana amerudi, nimempa kahawa na keki ya njugu, nikamfungulia mlango. Hakubeba kitu.

Njoo na gari la karakana. Chukua zote, ya baba, ya mwalimu, ya Peider. Yangu niachie mlangoni. Na kwa jina la Mungu, usizisafishe.

Babu yako anayejivuna,
Babu


Basel, 14 Machi 1999

Babu yangu,

Shikamoo, na goti shikamoo.

Zimefika salama. Nimewatengenezea ubao mpya wa mti wa msonobari wa kutoka kwetu, maana ule wako ulikuwa umeliwa na wadudu. Majina nimeyachonga kama ulivyoyaandika, hata Peider uliyemkosea herufi. Baba alikuja Jumamosi, akasimama mbele ya bunduki ya babu yake, mikono mfukoni. Akasema, "Hii alinibebesha nikiwa mtoto." Hakusema tena boma.

Duri yuko kwenye kigingi chake. Chini ya jina lake nimeacha nafasi, sikuandika kitu. Sikujua kama ninaruhusiwa.

Na kuna kigingi kimoja kitupu, juu kabisa. Unajua cha nani. Nakiombea kikae tupu miaka mingi.

Mjukuu wako,
Ladina


Val Sarena, 18 Machi 1999

Ladina,

Mimi mzima, theluji inayeyuka, mbuzi wa jirani amezaa.

Chini ya Duri andika Ladina. Uandike kwa kina, usipake vanishi. Mtu aliye hai hatundikwi, ndiyo sheria yangu, na sheria yangu naivunja mwenyewe. Kila Januari utaishusha hapo uje nayo.

Kigingi changu kifute vumbi tu. Mwaka ujao nimemwambia Flurin anivute kwa sleji ya theluji mpaka juu. Piano amesema atasukuma nyuma. Nataka niwe pale unapogonga buti.

Babu