Kaburi Katikati ya Njia

Alhamisi, 5 Juni

Dawa ya presha, chai, mkate wa jana. Basi halikuja, sikwenda maktaba. Mke wangu, Mama Estera, amepaka rangi nyeupe msalaba mdogo. Kaka yake anasafiri Burundi Jumatano, atausimamisha misheni, kwenye kaburi la Amani, mtoto wetu wa kwanza. Nimesifu rangi.

Amani hayuko misheni. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 7 Juni

Binti yetu Estera ametuendesha hadi kijiji cha makumbusho, nje ya Buffalo, hapa Marekani. Watu wamevaa nguo za kale, wanaishi kama walowezi waliohamia magharibi kwa magari ya maksai. Mama Estera akahesabu wanyama. "Maksai wanne, na bado wanalia safari ngumu!" Tukacheka.

Kisha mwanamke mwenye kofia ya kitambaa akatusimamisha kwenye njia ya vumbi. Aliyekufa safarini, akasema, walimzika katikati ya njia na kupitisha magari juu yake, mbwa mwitu wasimfukue. Hapo hapo mliposimama. Wote wakaruka pembeni. Miguu yangu ilikataa.

Akanitazama. Akaniuliza nilimwacha nani njiani.

Jumapili, 8 Juni

Sikusikia mahubiri. Magurudumu tu, mbao juu ya udongo mkavu. Nikamuuliza Estera kuhusu lile swali. Akajibu kwa Kiingereza chake: yule mwanamke wa kofia hakuniuliza kitu. Alinitazama tu.

Nilimsikia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia mke wangu. Siku ile tulipokimbia vita alikuwa na homa, kaka yake alimbeba, wakatangulia. Nilibaki na Amani, mwili umeshapoa. Nikachimba njiani kwa mfuniko wa sufuria. Mbwa walikuwa wengi. Wakimbizi wakapita juu, mamia, mpaka alama ikapotea. Nami nilipita. Habari ya kumzika misheni niliitunga nilipomfikia mpakani.

Hakulia. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Ndipo akauliza, "Baba Estera, ile njia wameiweka lami?"

Sijui. Hilo ndilo limenitoa machozi.

Jumatano, 11 Juni

Shemeji ameondoka asubuhi. Msalaba umebaki dirishani. Mama Estera amemwagiza jambo moja: kutoka misheni hadi mpakani ashuke garini, atembee ukingoni mwa njia, asimkanyage Amani.

Magurudumu bado yapo, kwa mbali.

Mchana tulikwenda kituo cha basi. Mama Estera alishika ukingo wa njia. Nikamfuata, nyayo juu ya nyayo zake.